Ukumbusho si pambo la ukuta

Mu mji wetu wa Lubumbashi kuko watu wenye masomo wanaosema kwamba kasala ni mambo ya kilio, uchoraji ni mambo ya kuuzia wageni, na teatri ni mambo ya kuchekesha watu. Kwao historia ni kitu kingine: inakaa mu vitabu, inaandikwa mu Kifaransa, inahusu wafalme, magavana na maraisi. Sisi tunakataa. Tunakataa kwa sababu mawazo hayo yamekwisha kutuletea hasara kubwa, na kama tunanyamaza yatatuletea ingine.

Tumuulize mwanafunzi wa sekondari: Union Minière ilizaliwa mwaka gani? Atajibu: 1906. Sasa tumuulize: nkambo yako alifika huku wakati gani? Alitoka wapi? Alifanya kazi gani? Mama ya mama yako alikuwa mutu wa wapi? Hapo atanyamaza, ao atajibu neno moja tu: jina la kabila. Na hapo njo hatari inaanzia. Mtoto asiyejua safari ya jamaa yake anabaki na kabila tupu, na kabila tupu ni kama mfuko: mwanasiasa yeyote anaweza kuujaza uongo wake.

Hatusemi mambo ya kuwaza tu. Mwaka wa 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa mu Katanga kwa maelfu na maelfu. Walilala ku gare za Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na wengine walikufa mbele ya kuipanda. Wengi hawakupata kuona Kasai hata siku moja: walizaliwa huku, walisoma huku, Kiswahili njo luga waliyochezea nayo utoto. Waliambiwa: “Murudie kwenu.” Kwao wapi? Union Minière ilikokota wafanya kazi toka Kasai, toka Rhodesia ya Kaskazini, toka Rwanda na Burundi, toka vijiji vya Katanga yenyewe. Wakaoana, wakazaa. Mu mji kama huu, nani anaweza kuapa kwamba damu yake ni ya upande mmoja? Tangu mwaka wa 2015 Katanga ya zamani imegawanywa mu provinsi 4. Kila mpaka mpya unazaa “wenyeji” wapya na “wageni” wapya. Kwa hiyo neno hili si la kale.

Bankambo hawakuacha mambo haya bila dawa. Waluba wa Katanga walikuwa na lukasa, ubao mdogo wa kushika mu mkono, wenye shanga na alama za kuchongwa. Mtu wa chama cha Mbudye aligusa shanga kwa kidole, akasimulia wafalme, safari na mahali patakatifu. Hakukariri maneno yaleyale kila siku: alisimulia kufuatana na wale waliokuwa mbele yake. Waluba wa Kasai wana kasala, na mu kasala mutu hatajwi peke yake. Anatajwa pamoja na baba, mama, ukoo na wale waliokufa. Kasala inasifu, lakini inalia vilevile. Profesa Jean Kabuta alionyesha kwamba kila mutu, hata asiye mtaalamu wa kilio, anaweza kutunga kasala yake mwenyewe na ya mwenzake. Kitabu chake juu ya sifa ya nafsi na sifa ya mwenzio kilitoka mwaka wa 2003.

Na mji wetu nao haukukaa mikono mitupu. Mwaka wa 1965 chama cha wale waliofanya kazi ya boyi kwa Wazungu kilitoa historia ya mji huu, iliyoandikwa na André Yav mu Kiswahili cha huku kwetu. Hawakungoja diploma ya mtu. Mu miaka ya 1970 wafanya kazi walitundika mu salon zao picha waliyoiita “Colonie belge”: mfungwa analala chini, anapigwa fimbo, Mzungu anatazama. Picha za namna hii walizipa jina moja: ukumbusho. Walizinunua kwa sababu ziliwapa la kuwaambia watoto. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa huku mwaka wa 1947, alichora kati ya 1973 na 1974 picha karibu 100 za historia ya inchi, akazieleza mu Kiswahili mbele ya mtaalamu Johannes Fabian. Kitabu chao kilitoka mwaka wa 1996. Kundi la Mufwankolo lilicheza maisha yetu mu Kiswahili chetu. Mu miaka ya 2000, mradi wa Mémoires de Lubumbashi ulikusanya masimulizi ya wakaaji. Mwaka wa 2006 Sammy Baloji alikata foto za zamani za wafanya kazi akazibandika juu ya mashini zilizokufa za Gécamines, na kila mwenye baba aliyefanya kazi kule alielewa bila kuelezwa.

Sasa tutazame sisi tumefanya nini na mali hiyo. Ku kilio, kasala inanunuliwa. Marehemu aliyetupa bibi na watoto anaitwa simba, na mwimbaji anatazama mfuko wa mwenye kutoa. Familia inachapisha tisheti yenye foto yake, na baada ya juma mbili tisheti inapangusa moto wa motokari. Mu salon zetu kuko saa kubwa na maua ya plastiki. Ukumbusho umeshushwa, eti ni picha ya watu wasiosoma. Tunasema wazi: sanaa inayosifu tu haikumbuki kitu. Kasala isiyotaja mama mgeni, deni, kifungo na njaa ni tangazo la biashara.

Tunajua majibu ya wapinzani.

Wa kwanza ni wahubiri. “Ile njo mambo ya Shetani,” wanasema, “kuita wafu.” Tuwaulize: Matayo anaanza Injili yake na nini? Na orodha ya mababu, na mule anataja hata Rahabu na Ruti, wanawake wageni. Kutaja si kuabudu.

Wa pili ni wazee wetu wenyewe. “Mwanangu, acha, utafungua tena kidonda.” Tunawaheshimu, na tunajua wanachobeba. Lakini kidonda kilichofungwa na uchafu ndani hakiponi. Yale tate asiyoyasema mu nyumba, mtoto atayasikia ku barabara, mu kinywa cha mwenye kuchochea.

Wa tatu ni walinzi wa usafi wa mila. Wanasema kasala isitoke mu Ciluba, lukasa isiguswe na asiye wa Mbudye. Siri za chama zibaki na wenye chama, hatuna neno. Lakini namna ya kufikiri ni ya wote. Mtoto wa Katuba mwenye baba Mluba na mama Mubemba, anayeota mu Kiswahili, atajitaja mu luga gani kama si hii anayoota nayo?

Wa ine ni walimu wenzetu: programu ni ndefu, mshahara ni mfupi. Ni kweli. Lakini kazi tunayoomba haiombi feza. Mu miezi mitatu ya mwaka wa masomo, kila mwanafunzi aulize wazee watatu wa jamaa yake, mmoja lazima wa upande wa mama. Achore safari yao ku karatasi, toka kijiji mpaka avenyu anapolala leo. Ashone ku kipande cha ubao ao cha kartoni vifungo na mbegu, kila kimoja na neno lake: kazi, ndoa, kufukuzwa, kuzaliwa. Atunge kasala ya mistari 20, na wazazi waalikwe kuisikia. Sheria iwe moja: kila mtoto aseme ya jamaa yake, asishitaki jamaa ya jirani. Asiye na mzee wa kuuliza, ao mwenye jambo lisilosemeka bado, aweke shanga moja nyeusi bila maelezo. Kalasi itaiheshimu.

Mwanafunzi aliyesikia wenzake 40 wakitaja mababu zao, akaona kwamba karibu wote walishuka ku treni ao walifika kwa miguu toka mahali pengine, huyo ni vigumu kumtuma kuchoma nyumba ya jirani. Hatusemi haitawezekana. Tunasema itakuwa vigumu, na ugumu huo mwaka wa 1992 haukuwako ya kutosha.

Ndugu wasomaji, hotuba juu ya utamaduni tumezisikia nyingi. Kesho mutaenda kwa nkambo, ao kwa baba mukubwa, ao kwa yaya aliyebaki. Muchukue kalamu na mtoto mmoja. Muulize jina la mama ya mama. Muanzie pale.