Kona ya Kiingereza: Bibi, hatukula nguruwe!

Siku ya pili ya Idi mwanangu alikuwa akizungumza kwa simu ya video na bibi yake aliyeko Tanga. Kiswahili chake kimechanganyika, kama cha watoto wetu wengi huku Uingereza. Akasema kwa furaha, "Bibi, jana tuli-pig out on sambusa!"

Bibi hakucheka. Kiingereza chake si kingi, lakini "pig" analijua. "Mmelishwa nguruwe siku ya Idi? Hebu niitie mama yako!"

Ilinichukua muda kumtuliza. Leo naeleza tena hapa, maana yaliyonikuta mimi yanaweza kukukuta na wewe.

"Pig out" maana yake ni kula kwa pupa kupita kiasi, mpaka tumbo lilalamike. Kiswahili tunasema kufakamia. Nguruwe ametajwa kwa sifa yake ya ulafi tu. Nyama yake haimo. Hata mtu asiyekula nyama kabisa anaweza kulitumia neno hili kwa maembe.

Chakula kikitajwa, hutanguliwa na "on": "We pigged out on samosas", yaani tulifakamia sambusa. Angalia pia kwamba katika wakati uliopita herufi g huandikwa mara mbili. Neno hili husemwa kwa tukio la mara moja, kama siku ya karamu. Anayekula kupita kiasi kila siku, huyo "overeats".

Sasa adabu yake. Hili ni neno la utani, la kujisema mwenyewe au kutaniana na rafiki. Ukimwambia mkweo "You pigged out", umemwita mlafi. Wala usiliandike kwenye insha ya chuo au barua ya kazi. Hapo "ate too much" inatosha.

Bibi alipoelewa alicheka sana, kisha akauliza, "Sasa kwa nini asiseme tu wamefakamia?"

Nikakosa jibu. Mtoto halijui neno hilo, kwa sababu hajapata kulisikia kinywani mwangu. "Pig out" atajifunza shuleni kwa wenzake, nitake nisitake. Kufakamia atafundishwa na nani, kama si mimi? Siku hizi akinitajia neno la Kiingereza, namdai na la Kiswahili. Asipolijua, tunampigia bibi.