Mgonjwa wa ini akianza kuchanganyikiwa, usitazame macho pekee

Ukiwa na mgonjwa wa ini nyumbani, bila shaka kila asubuhi unamtazama macho. Yakizidi kuwa ya manjano unaingiwa na hofu, yakififia unashukuru. Si vibaya. Lakini naona tumezoea mno kuupima ugonjwa huu kwa rangi, tukasahau kuangalia ubongo, na huko ndiko hatari inakoingia kimyakimya.

Umanjano unatokana na bilirubini, taka inayobaki chembe nyekundu za damu zinapozeeka na kuvunjwa. Ini zima huichukua na kuitoa pamoja na nyongo, ikaishia kwenye choo. Ini likisinyaa kwa sababu ya homa ya ini B au C, pombe au maradhi mengine, taka hiyo hubaki kwenye damu. Ndiyo maana daktari huangalia kiwango cha bilirubini pamoja na vipimo vingine, kama albumini na muda wa damu kuganda, ili ajue ini limechoka kiasi gani.

Wengi hudhani manjano hayo ndiyo "yanayopanda kichwani". Kwa mtu mzima, sivyo hasa. Mtuhumiwa mkuu ni amonia, sumu ambayo sehemu kubwa yake hutengenezwa na bakteria wa utumbo. Ini zima huigeuza kuwa urea, ikatoka kwa mkojo. Ini lililoharibika huiachia ipite mpaka kwenye ubongo. Bilirubini ikipanda inakuambia kwamba mlinzi amelemewa, lakini wanaopita getini ni amonia na sumu nyingine. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuwa na umanjano kidogo tu, na ubongo wake uko taabani.

Dalili za mwanzo ni ndogo. Mgonjwa analala mchana, usiku yuko macho. Anasahau, anakasirika ovyo, mwandiko wake unabadilika, anashindwa kufunga vifungo vya shati. Ukimwambia anyooshe mikono na kuinua viganja kama anayesimamisha gari, viganja vinadondoka na kuinuka. Baadaye anaropoka, hajui siku wala mahali alipo, na hatimaye hupoteza fahamu.

Hapa ndipo familia nyingi hupoteza muda. Mmoja atasema amerogwa, mwingine atasema ni mapepo, mwingine atasema amerudia pombe. Kusali hakukatazwi, ila sala hiyo isaliwe njiani kwenda hospitali. Mara nyingi kuna kichochezi kinachotibika: damu inayovuja tumboni na kufanya choo kiwe cheusi kama lami, maambukizi, kufunga choo, kupungukiwa maji, au dawa za usingizi. Kikigundulika mapema na kutibiwa, wagonjwa wengi hurudiwa na akili zao.

Mgonjwa akiandikiwa laktulosi, ile dawa ya maji yenye utamu, usimwachishe eti kwa sababu inamharisha. Inatakiwa apate choo laini mara 2 hadi 3 kwa siku, ili amonia itoke. Ikizidi hapo, mwambie daktari apunguze dozi, mgonjwa asije akaishiwa maji. Wala usimnyime maharage, samaki au maziwa. Zamani wagonjwa hawa walikatazwa protini, lakini siku hizi wataalamu wanashauri wale ya kutosha, kwa kuwa misuli nayo husaidia kupunguza amonia.

Kwa kichanga, hesabu ni nyingine. Hapa bilirubini yenyewe inaweza kuingia kwenye ubongo na kuuharibu, kwa sababu ini lake bado changa na kinga ya ubongo haijakomaa. Manjano kidogo kuanzia siku ya 2 au ya 3 huwapata watoto wengi na huisha. Lakini yakionekana ndani ya saa 24 za kwanza, yakifika kwenye viganja na nyayo, au mtoto akigoma kunyonya, akilegea, akilia kwa sauti kali au akipinda mgongo, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Usimwanike juani ukisubiri. Taa maalumu, na wakati mwingine kubadilishiwa damu, ndizo zinazomwokoa na uziwi na mtindio wa ubongo. Manjano yakipita wiki 2, au choo chake kikiwa cheupe, apimwe ini na njia ya nyongo.

Nina ombi kwa watoa huduma: mgonjwa ambaye ini lake limesinyaa asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla ndugu zake hawajaelezwa dalili hizi kwa Kiswahili chepesi. Karatasi ya majibu yenye tarakimu za bilirubini haimsaidii mke anayeshtuka saa nane usiku kwa sababu mumewe hamtambui.

Nawe usiondoke kliniki bila kuuliza: "Akianza kuchanganyikiwa, nimpeleke wapi, hata kama ni usiku?" Ukifika nyumbani, weka daftari na kalamu karibu na kitanda. Kila asubuhi aandike jina lake. Siku mwandiko utakapovurugika, usisubiri macho yabadilike rangi. Tafuta usafiri, mpeleke.