Kujifunza kuchapa picha ng'ambo: mwaliko unalipa kitanda, nani atalipa njia?

Vituo vya sanaa vya nchi mbalimbali hupokea wasanii kwa wiki chache ili wafanye kazi ya kuchapa picha kwa mkono. Wasanii wanaita rezidansi. Msanii anapewa chumba, meza, mashine na fundi wa kumuonyesha. Yeye analeta mawazo na mikono yake. Kimoja kinachojulikana ni Frans Masereel Centrum, huko Kasterlee, Ubelgiji, kilichofunguliwa mwaka 1972 kwa kazi hii hii.

Kwa kijana mchoraji wa Goma, Bukavu ao Butembo, mwaliko kama huo ni mlango mkubwa. Lakini tukihesabu vizuri, mara nyingi unalipa kitanda na wino tu. Njia ya kufika huko, na namna ya kuendelea na kazi baada ya kurudi, ndivyo vinaamua nani atafaidika kweli.

Kazi yenyewe iko namna gani?

Kuchapa picha si kupiga fotokopi. Unachonga mchoro juu ya kibao ao linoleo, ukiugeuza ili kushoto kuwe kuume. Unapaka wino kwa rola, unalaza karatasi juu, unakandamiza. Sehemu uliyochonga inabaki nyeupe. Ile uliyoacha inachukua wino. Kibao kimoja kinatoa picha nyingi, na kila moja inaandikwa hesabu na kutiwa sahihi. Ukiona 3/20 chini ya picha, maana yake ni ya tatu kwa ishirini, na baada ya ishirini msanii anasimama.

Njo maana kazi hii inawafaa watu wa makuta kidogo. Mchoro wa rangi za mafuta unauzwa mara moja, tena kwa bei ambayo majirani hawaiwezi. Kibao kimoja kinaweza kupata wanunuzi ishirini kwa bei ndogo. Na vijana wetu wanaochapa maandishi kwenye tishati kwa kitambaa cha wavu tayari wanamjua ndugu yake, serigrafi.

Basi ju ya nini kusafiri, wakati video ziko kwenye simu? Ju wino ukizidi, mistari inajaa. Ukipungua, picha inatoka na mabaka. Kiasi hicho mkono unakijifunza ukisimama kando ya fundi, siku kwa siku.

Ukuta wa karatasi

Kwanza paspoti. Bei rasmi ya ile mpya iliyozinduliwa 2025 ni dola 75, wakati ya zamani ilikuwa dola 99. Bei imeshuka, ni kweli. Lakini mkaaji wa Goma ao Bukavu, miji iliyo mikononi mwa AFC/M23, analazimika kusafiri hadi mji ulio chini ya serikali ya Kinshasa ili kuipata. Tiketi, chakula na malazi vinaweza kupita bei ya paspoti yenyewe.

Halafu visa. Kwa Ubelgiji unaomba visa ya Schengen. Tangu Juni 2024, mtu mzima analipa euro 90, na wakikukatalia hazirudi. Bima ya safari lazima ifunike angalau euro 30.000. Ombi linapelekwa Kinshasa, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwisho wa Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini. Wengi wamelazimika kuzunguka kupitia Beni ao nchi jirani ili kufika mji mkuu wa nchi yao wenyewe.

Shida nyingine wachache wanaifikiria. Visa inaomba uonyeshe una makuta, na mara nyingi wanataka karatasi za benki za miezi iliyopita. Benki za Goma zilifungiwa milango Januari 2025, za Bukavu zikafuata Februari. Msanii anaombwa ushahidi kutoka kwa mlango uliofungwa. Kwa hiyo barua ya mwaliko inapaswa kusema wazi, kwa maandishi, kwamba kituo kinabeba gharama zote. Barua inayosema tu «tunakukaribisha» haitoshi.

Jirani naye ana ufundi

Tunasahau kutazama karibu. Tangu mwanzo wa 2024, Mkongomani haombwi visa kuingia Uganda. Kwa mtu wa Beni ao Butembo, njia ni Kasindi, halafu basi hadi Kampala. Huko, chuo kikuu cha Makerere kina shule ya sanaa yenye jina la Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa hapo katika miaka ya 1930, na uchapaji ni moja ya masomo yake. Uganda pia ndiko anakotoka Fred Mutebi, anayejulikana kwa picha za rangi nyingi kutoka kibao kimoja: anachonga kidogo, anachapa rangi moja, anachonga tena, anachapa nyingine juu yake. Mwisho kibao kimekwisha na picha imekamilika. Fundi wa namna hiyo anapatikana bila kupanda ndege.

Utarudi na nini?

Hapa njo swali kubwa. Kule Rorke's Drift, Afrika Kusini, wamisionari wa Sweden walianzisha kituo cha sanaa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Azaria Mbatha alijifunza linoleo hapo, akaenda Sweden kusoma zaidi, na mwishowe akafanya maisha yake huko. John Muafangejo alitoka kaskazini mwa Namibia, akajifunza kituoni kutoka 1967, halafu akarudi kufundisha Odibo, karibu na mpaka wa Angola. Vita vya mpakani vilimzunguka. Aliendelea kuchonga linoleo mpaka alipofariki 1987, na leo kazi zake zinasimulia maisha ya watu wake.

Wote wawili walikuwa mafundi wakubwa, na hatumlaumu aliyebaki. Ila ofisi za visa zinamuogopa kila mwombaji kama atabaki, wakati sisi tunahitaji aliyerudi na ufundi unaoweza kufanyika nyumbani. Linoleo ni ufundi kama huo: ukikosa mashine, unasugua mgongo wa karatasi kwa kijiko. Ukikosa linoleo, unachonga tripleksi ya seremala. Lakini aliyejifunza kuchora juu ya bamba la shaba kwa asidi anahitaji mashine nzito ya chuma, na bila hiyo ufundi wake unalala.

Basi kijana, kabla ya kujaza fomu, uliza mambo manne. Nani analipa visa, bima na ndege? Nitajifunza ufundi gani? Nitaruhusiwa kurudi na rola na visu, ambavyo vinakaa kwenye mzigo wa chini wa ndege? Na nikirudi, ni nani nitakaowafundisha?

Hata wanaosaidia utamaduni katika majimbo yetu wana swali lao. Kumpeleka msanii mmoja Ulaya ni jambo zuri. Lakini mashine moja ndogo ndani ya atelie iliyo wazi kwa wote, Bukavu ao Butembo, ingemsubiri yeye na wenzake wote waliokosa visa.