Mama wa Mpingo Si Pambo

Wapo wasomi wetu wanaosema ya kwamba sanamu ya mama wa Kimakonde ni bidhaa ya watalii tu, na eti iliigwa kwa Bikira Maria wa wamisheni. Hiyo ni kasumba. Ngano ya asili ya Wamakonde yasimulia kwamba mtu wa kwanza alichonga sanamu, ikageuka mke, akamzalia watoto. Waliovuka Mto Ruvuma wakikimbia shokoa na kodi ya Mreno walikuja kukata mkonge huku, lakini mpingo waliuchonga mama. Kwao ukoo hufuata mama. Aliyeacha ardhi nyuma, nchi yake ni mama.

Mwanafunzi wa Masaki, Kisarawe, asistaajabu. Wazaramo nao wana mwana hiti, kisanamu anachokabidhiwa mwali ndani, kiwe ahadi ya uzazi.

Wapalestina, waliong'olewa makwao mwaka 1948, walifika papo hapo kwa rangi: Sliman Mansour amemchora mwanamke mwenye vazi la darizi, akichuma machungwa ya Jaffa. Huyo twamwita taifa. Wetu, mbona twampanga dirishani pamoja na twiga?