Jinzi hii imekwajuka kwa jasho la nani?

Ukisimama penye mteremko wa feri ya Likoni asubuhi, wakati watu wa ng'ambo wanapomiminika kuingia kisiwani, hebu acha kutazama nyuso zao ukatazame suruali. Nyingi ni jinzi, na kila jinzi ina maandishi yake. Ya mwendesha bodaboda imekwajuka mapajani kwa kusuguana na kiti. Ya makanika imepauka magotini. Ya mvuvi imekula chumvi hata upindo wake umekuwa mweupe. Na takriban kila kijana ana mstatili mfukoni, alama ya simu yake, kana kwamba umepigwa chapa. Kanzu huchafuka, ikafuliwa, ikasahau. Jinzi haisahau.

Huko Marekani, Ulaya na Japani kuna ushabiki ambao vijana wetu wa Kisauni na Changamwe wanauona simuni na baadhi yao wanautamani. Mtu hununua jinzi ghafi, yaani iliyotoka kwenye cherehani bila ya kuoshwa kiwandani: nzito, ngumu kama ubao kwa kanji iliyomo, rangi yake buluu iliyokaribia weusi. Huivaa kila siku, akakaa nayo miezi sita au hata mwaka pasi na kuifua, mpaka mikunjo ya mwili wake ijichore juu ya kitambaa. Ndipo huifua, akaitoa kuwaonyesha wenzake kwa fakhari. Kwa desturi yao, alama ambazo hukuzitolea jasho wewe mwenyewe si zako.

Nasema ushabiki huu, pamoja na upuuzi wake, una neno moja la kweli ambalo lingetufaa watu wa bara ya Mombasa kulizingatia, kwani aghalabu jinzi tuzivaazo zimekwajuliwa na watu wengine.

Lakini kwanza tuifahamu nguo yenyewe. Katika kitambaa cha jinzi, nyuzi za mtande, zile za urefu, huchovywa katika nili. Na nyuzi za mshindio, zinazokatiza upana, huachwa nyeupe. Nili ina tabia ya ajabu. Uzi unapotoka katika pipa huwa na rangi ya kijani, na ni hewa ndiyo inayougeuza buluu. Huchovywa tena na tena, na hata hivyo rangi haizami mpaka moyo wa uzi. Hukaa juu juu. Basi panaposuguliwa hubanduka, na weupe wa ndani ukachomoza. Rangi nyingi nyingine hupauka nguo nzima kwa pamoja. Nili hupauka pale palipotumika, na hiyo ndiyo siri yote ya jinzi.

Wala sisi wa pwani hatukuijua nili jana. Baada ya mkataba wa 1833 baina ya Seyyid Said na Wamarekani, merikebu za Salem zilileta Unguja marobota ya nguo ya pamba isiyopaushwa, na jina lake hadi leo ni merikani. Pamba kama hiyo ikitiwa nili ndiyo kaniki. Wasomaji wenye umri wanaikumbuka: nguo nyeusi-buluu, ikiwa mpya huchuja rangi hadi kwenye ngozi. Lilikuwa vazi la kazi, na zaidi ya hayo lilikuwa vazi la watumwa na mafukara. Utumwa ulipopigwa marufuku, Unguja 1897 na pwani yetu 1907, wanawake wengi waliotoka katika hali ile waliitupa kaniki wakashika kanga zenye rangi na maua, ili wasitambulikane kwa nguo. Upande wa pili wa dunia, mshonaji Jacob Davis wa Nevada na mfanyabiashara Levi Strauss wa San Francisco walipata hataza yao tarehe 20 Mei 1873, ya kutia misumari midogo ya shaba kwenye mifuko ya suruali za wafanyakazi isipate kuraruka. Hii nayo ilikuwa kaniki ya wachimba migodi. Tofauti ni kwamba ile ya kwao wajukuu waliigeuza kuwa pambo, na ya kwetu wajukuu waliikimbia, tena kwa haki.

Pambo hilo lilipokwisha kuenea, likazuka jambo jingine. Watu walitaka alama za kazi bila ya kazi. Viwanda vikaanza kuzifua jinzi mpya pamoja na mawe mepesi ya volkeno ili zionekane kuukuu, na vingine vikazipiga kwa mchanga unaorushwa na upepo wa mashine. Mchanga ule ukivutwa pumzi hukwaruza mapafu na kuyafanya makovu yasiyoponyeka. Nchini Uturuki vijana waliofanya kazi hiyo katika karakana zilizofungwa madirisha waliugua na kufa kwa maradhi ambayo zamani yalijulikana kuwa ya wachimba mawe, mpaka serikali ikapiga marufuku mwaka 2009. Kwa hiyo ule weupe wa mapajani ambao kijana wa mjini ameununua ukiwa tayari, huenda kuna mtu aliyeutolea pumzi zake. Hapa ndipo ninapowapa haki wale mashabiki wa jinzi ghafi. Angalau wao wanajisugua wenyewe.

Na maji je? Mwaka 2015 kampuni ya Levi Strauss ilichapisha hesabu yake kwamba jinzi moja, tangu shamba la pamba mpaka kutupwa, hutumia karibu lita 3,780. Thuluthi mbili na zaidi huishia shambani, na chini ya robo ni kufua kwa mwenyewe. Sisi tunaonunua maji kwa mtungi tuigawanye kwa lita ishirini: ni mitungi 189 kwa suruali moja. Mtu wa Likoni au Mikindani anayengoja mkokoteni wa maji, huku Mzima, Marere na Baricho hazimtoshelezi, haihitaji kuelezwa maana ya nambari hiyo. Anayefulia maji ya kisima chenye chumvi naye anajua jinzi inavyoyanywa maji yale na sabuni isitoe povu.

Sasa tuje nyumbani kabisa. Kenya inashona jinzi. Tangu Marekani ilipopitisha sheria ya AGOA mwaka 2000, viwanda vya EPZ, vya Mombasa vikiwemo, vimekuwa vikipeleka nguo huko bila ya ushuru, hata kama kitambaa chenyewe kimetoka Uchina. Wengi wa washonaji ni wanawake. Huyu hushona mfuko, yule zipu, siku nzima mfuko, siku nzima zipu. Muda wa sheria ile ulipofika ukomo tarehe 30 Septemba 2025, hofu iliingia katika nyumba ambazo hazijapata kuiona Marekani ila kwenye lebo. Nguo hizo hazikushonwa kwa ajili yao. Kuziuza humu nchini kunataka idhini na ushuru, basi hutoka kiwandani zikaelekea bandarini Kilindini.

Huko ziendako huvaliwa. Mwenyewe akinenepa au akichoka, huzitoa sadaka; zikakusanywa, zikafungwa marobota, zikauzwa, zikapakiwa tena. Na moja ya bandari zinazoyapokea marobota hayo ni Kilindini hiyo hiyo. Robota hufunguliwa Kongowea, ambayo kabla ya uchaguzi wa 2013 tuliihesabu katika jimbo la Kisauni, na kijana wa Mtopanga akachagua iliyompendeza kwa jinsi ilivyokwajuka. Siapi kwamba suruali ile ile iliyoshonwa Changamwe ndiyo inayorudi. Lakini njia iko wazi kwenda na kurudi, na sioni kinachoizuia.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri makalio. Mitumba inasitiri, tena vizuri, na imewalisha watu wengi wa Kongowea kuliko mashairi yalivyonilisha mimi. Simo katika wanaotaka ikomeshwe kwa amri. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa ifikapo 2019. Marekani ikanuna, Kenya ikarudi nyuma kwa kuhofia soko la viwanda hivyo vya EPZ, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ikaondolewa nguo zake katika msamaha wa ushuru mwaka 2018. Maana yake ni kwamba ruhusa ya kuwashonea mpya ilifungamanishwa na wajibu wa kuzivaa kuukuu zao. Tumepewa kazi ya mwanzo wa nguo na kuvaa mwisho wake. Ule wakati wa katikati, ambapo nguo inamjua mvaaji na mvaaji anaijua nguo, umekuwa wa watu wengine.

Kwa hiyo kijana anayesema angependa kuwa na jinzi moja mpya, ngumu, aivunje mwenyewe mpaka ifanane naye, mimi simcheki. Pengine hajui, lakini anadai kitu kikubwa.

Linabaki swali ambalo vijana wa kwetu huliuliza haraka kuliko wote: nguo isiyofuliwa miezi sita, mtu ataisalia vipi? Mwaka 2014 mkuu wa Levi Strauss alisimama mbele ya mkutano akasema kwamba jinzi aliyoivaa ilikuwa na kama mwaka mmoja na haijaingia katika mashine ya kufulia. Na katika Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, mwanafunzi mmoja aliivaa jinzi miezi 15 bila ya kuifua. Walipoipima mwaka 2011 vijidudu vyake havikuzidi sana vile vilivyopatikana siku 13 tu baada ya kuifua. Ama kwa fiqhi yetu, uchafu na najisi ni vitu viwili. Jasho la mwanadamu ni twahara, na vumbi ni twahara. Nguo iliyolowa jasho inasaliwa, ingawa jirani yako katika safu ana haki ya pua yake, na msikiti si mahali pa kuudhiana kwa harufu.

Shida ni najisi ikiingia: tone la mkojo, au mtoto aliyepakatwa. Hapo suala la rangi lina uzito, na sijaona likitajwa. Walimu wetu hufundisha kwamba maji yaliyobadilika sana kwa kitu twahara, mfano wa zafarani, hubaki twahara lakini hayatwahirishi. Jinzi ghafi ikirowa maji hugeuka buluu kama wino. Basi anayetaka kuivaa na kuisalia, mwanzo kabisa airoweke maji baridi, aibadilishie maji mpaka ile nili ya ziada itoke. Mashabiki wenyewe wengi hufanya hivyo, kwani kitambaa ambacho hakikurudishwa kiwandani huweza kurudi hata asilimia 10, na suruali ya ukubwa wake ikawa ya mdogo wake. Baada ya hapo, najisi ikimpata, mahali penyewe pamiminiwe maji mpaka yatoke meupe.

Zile zilizotatuliwa viwandani ni habari nyingine. Uchi wa mwanamume katika sala ni baina ya kitovu na goti, na tundu lililo juu ya goti ni tundu katika sitara. Ndiyo maana katika misikiti yetu mingi utaona vikoi vimetundikwa ukutani, kijana akaingia na jinzi yake, akajifunga kikoi juu yake, akasali.

Na miezi sita? Hiyo ni hesabu ya nchi za baridi. Kwa unyevu wa Mombasa, baina ya Januari na Aprili, jasho na chumvi hulila pindo la mapajani kabla ya hiyo nili kukwajuka vizuri, na nguo iliyotundikwa mbichi chumbani huota ukungu. Aifue kila inapohitaji, ameigeuza nje ndani, aianike kivulini. Alama zitachelewa, lakini zitakuja. Na asinunue ile nzito ya aunsi 16 wanayojivunia Wajapani. Ya 12 inatosha kumchosha mtu wa Miritini akisimama kituoni saa saba mchana.