Busha halitokani na madafu

Katika pwani ya Tanga, kuanzia Tongoni hadi Pangani, kijana anayezidisha madafu bado huonywa kwamba atapata busha. Tunaelewa onyo hilo lilikotoka: busha ni maji yaliyojaa, na dafu nalo ni maji. Lakini maji anywayo mtu huingia katika damu, na yanayozidi hutolewa na figo. Hayana njia ya kuteremka na kutuama kwenye mfuko wa korodani. Wengine husingizia baridi, wengine husuda au jini. Ndugu msomaji, tumeona wiki hii tulieleze jambo hili kwa mujibu wa maumbile ya mwili, kwa kuwa kutolielewa kunawagharimu watu miguu yao na hata ndoa zao.

Mbali na mishipa ya damu, mwilini upo mtandao wa mishipa mingine myembamba, mishipa ya limfu. Kazi yake ni kukusanya maji yaliyochujuka kutoka katika damu yakabaki kati ya nyama, na kuyarejesha kwenye damu karibu na moyo. Njiani maji hayo hupita kwenye tezi, zile ambazo zikivimba kinenani huitwa mitoki, na humo vijidudu hukamatwa. Ni kama mitaro ya mji: hakuna anayeikumbuka mpaka izibe.

Anayeiharibu ni mnyoo mwembamba kama uzi. Jike hufikia sentimita 8 hadi 10, na huweza kuishi humo miaka 6 hadi 8 akizaa mabuu kwa mamilioni. La ajabu ni kwamba mchana mabuu hayo hujificha katika mishipa ya mapafu, na usiku mkubwa hujitokeza katika damu iliyo karibu na ngozi, saa zile zile ambazo mbu wetu huuma. Ndiyo maana wapimaji walizoea kuchukua damu usiku. Mwaka 1877, huko Amoy nchini China, daktari Patrick Manson aliwaacha mbu wamfyonze damu mtunza bustani wake aliyekuwa na mabuu hayo, kisha akayaona yakikua ndani ya mbu.

Mishipa ikishatanuka na kulegea, maji hayarudi tena ipasavyo. Mwanamume huota busha. Mguu, uwe wa mwanamume au wa mwanamke, huwa tende. Hapo vijidudu vya kawaida vya ngozi hupata upenyo. Huingia kwenye vijeraha baina ya vidole, homa hupanda, mguu huwaka, na kila homa ikiondoka huuacha mguu mnene kuliko ulivyokuwa. Hapa tungependa msomaji asimame kidogo. Mguu hauharibiwi na mnyoo peke yake. Homa hizo ndizo zinazoumaliza, na nyingi kati yake huzuilika kwa maji na sabuni. Uoshwe kila siku, vidole vya mkono vipite katikati ya vidole vya mguu, ukaushwe kwa kitambaa safi, na uinuliwe wakati wa kupumzika. Anayetawadha mara tano kwa siku ameshaikaribia tiba hiyo. Anachotakiwa kuongeza ni sabuni, na kutoacha unyevu baina ya vidole. Inasikitisha, basi, kwamba wapo wenye matende wanaoikimbia swala ya jamaa kwa kuona haya kuvua viatu mbele ya watu.

Ugawaji wa dawa kwa jamii nzima ulianza Mafia mwaka 2000, na Tanga ukafika mwaka 2004: ivamektini pamoja na albendazo, mara moja kwa mwaka. Wapo waliouliza, na wangali wanauliza, kwa nini mtu mzima wa afya ameze vidonge. Jibu limo katika maumbile yale yale. Mabuu huanza kumwingia mtu tangu utotoni, ilhali uvimbe huonekana ukubwani. Tena dawa hizo huua mabuu ya damuni zaidi kuliko minyoo wakubwa, hivyo hurudiwa mwaka hadi mwaka mpaka minyoo wazeeke, na mbu wakose cha kubeba. Kuwashwa au kuumwa kichwa baada ya kumeza mara nyingi ni dalili ya mabuu kufa. Wajawazito, watoto wadogo chini ya miaka mitano na wagonjwa mahututi hawapewi. Uvumi kwamba vidonge hivyo huua nguvu za kiume hauna msingi. Busha lenyewe ndilo linalomsumbua mwanamume katika ndoa yake.

Busha lililokwisha kujaa haliondoki kwa vidonge. Hutibiwa kwa upasuaji, ambapo daktari hutoa maji na kukata au kugeuza ule utando unaoyashikilia. Kulitoboa kwa sindano hakutoshi, kwani utando hubaki na maji hujaa upya, na sindano isiyo safi huleta usaha. Mara nyingi mke ndiye wa kwanza kujua. Amshawishi mumewe aende hospitali wakati busha lingali dogo na upasuaji ungali mwepesi.