Manowari Hazipimwi kwa Tani

Msomaji, huenda nawe umo katika vijana wabishanao ndani ya basi kati ya Ruiru na Thika: manowari ipi ya kuchukulia ndege ndiyo bora duniani? Mmoja ataja Gerald R. Ford ya Marekani, tani 100,000; mwenzake ataja Fujian ya Uchina, tani zaidi ya 80,000; kisha shauri lakatwa kwa tani. Nakipinga kipimo hicho. Hata mnunuzi wa ng'ombe humtazama meno.

Fikiri yaliyotukia karibu nasi. Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi, na Mwalimu Nyerere akaomba msaada wa Uingereza. Manowari Centaur ilipakia makomando Aden, ikaja mpaka pwani ya Dar es Salaam. Alfajiri ya tarehe 25 helikopta ziliruka kutoka sitahani, zikawashusha makomando penye kambi ya Colito, na asubuhi ile ile maasi ya kambini yakavunjika. Centaur haikufikia hata theluthi ya uzito wa Ford. Mwaka 1972 iliuzwa ivunjwe. Lakini ilikuwa karibu, tena ilikuwa na chombo kilichoifaa kazi ile.

Utasema waasi wale hawakuwa na ndege. Kweli, na katika vita vya bahari kuu Ford huzizidi zote. Lakini sharti kwanza manowari iwe baharini! Admiral Kuznetsov ya Urusi iliingia matengenezoni 2017. Mwaka 2018 gati la kuelea lililoichukua likazama, na 2019 ikashika moto. Tani zake zilifaa nini? Ufaransa inayo moja tu, Charles de Gaulle. Ilipotengenezwa 2017 hadi 2018, taifa zima lilikaa bila manowari ya ndege. Waingereza walijenga mbili. Februari 2024 Queen Elizabeth ilipopatwa na hitilafu katika mhimili wa rafadha, Prince of Wales ikaenda badala yake.

Nawe usinijibu kwamba Ford haihitaji mafuta kwa kuwa huendeshwa kwa nguvu za atomi. Ndege zake zanywa mafuta, na watu wake zaidi ya 4,000 hula kila siku. Meli za kuwapelekea riziki lazima ziifuate, nazo zaweza kuzamishwa. Meli hizo sijazisikia zikihesabiwa katika basi la Thika.